Mamdani alikuwa mbunge wa wapi kabla ya umeya?

SWALI: Shikamoo mhariri, naomba nieleweshwe, huyu Zohran Mamdani meya wa New York alikuwa mbunge wa wapi, na kwa nini watu wanasema mabasi ya bure aliyoahidi hayako mikononi mwake? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mamdani kazaliwa Kampala 1991, na baba yake Profesa Mahmood Mamdani aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo huku kwetu jina hilo si geni. Hakuwa mbunge wa Washington, alikuwa kwenye bunge la jimbo la New York linalokaa Albany, alichaguliwa 2020 kuwakilisha Astoria, mtaa wa kule Queens ndani ya jiji la New York. 2021 aligoma kula pamoja na madereva taksi waliolemewa na madeni ya leseni zao mpaka jiji likakubali kuwapunguzia, na mimi hilo ndo lilinifanya nimheshimu, maana viongozi wengi wanaishia kutoa matamko tu. 2023 ikaja programu ya majaribio, laini 5 za basi bila nauli, naye alikuwa kati ya walioipigania. Novemba 2025 akamshinda Andrew Cuomo, gavana wa zamani, Januari 2026 akaanza kazi.

Sasa mabasi yanaendeshwa na MTA, mamlaka ya jimbo, si ya jiji, na kuwapandishia matajiri kodi ya mapato ili pesa ya ahadi zake ipatikane nako lazima kupite Albany. Meya ana polisi, shule, usafi, ila kwa basi inabidi arudi kuwaomba wabunge wenzake wa zamani, na hapo ndo ile miaka yake kule itamsaidia, anajua aongee na nani.