Kisa cha Mezani: Kipi Uandike, Kipi Uache

Anayeandika visa vya michezo ya mezani ya kuigiza wahusika hachelewi kukutana na swali hili: niandike kwa undani kiasi gani? Ukiandika machache mno, mwendesha mchezo, yule anayewasimulia wachezaji kisa na kuigiza watu wengine wote, anakwama huku wachezaji wakimkodolea macho. Ukiandika mengi mno anakwama vilevile, maana jibu analo, ila limefukiwa katikati ya aya ndefu asiyoweza kuisoma upya wakati watu wanasubiri. Nimeandika visa vya kuendesha mwenyewe na vingine vya kuendeshwa na watu nisiokaa nao meza moja, na siku hizi sihesabu kurasa. Kabla ya kuandika jambo najiuliza: mwendeshaji anaweza kulibuni hili papo hapo bila kuvuruga kisa? Akiweza, naliacha.

Rangi ya mapazia ataibuni. Chakula kilichoandaliwa mezani kwa mfalme ataibuni orodha yake, tena pengine nzuri kuliko yangu. Asichoweza kubuni ni kwamba ufunguo wa ghala amebaki nao mke wa mlinzi, au kwamba handaki la chini linatokea kisimani, kwa sababu mambo hayo yamefungamana na mengine yaliyo mbele. Akibahatisha hapo, baada ya saa moja kisa kitakatika mikononi mwake na hatajua ni kwa nini.

Tazama mfano huu, maelezo ya chumba kama yanavyoandikwa mara nyingi:

“Chumba cha mlinzi wa mnara wa taa. Kuta za mawe zimeota ukungu tangu enzi za bwana wa kwanza wa ngome, aliyeujenga mnara huu baada ya vita vya mito mitatu. Kuna meza ya mbao, kiti kimoja, taa kubwa ya mafuta na dirisha linalotazama bahari. Mlinzi ni mzee mwenye ndevu nyeupe, baharia mstaafu.”

Kusomeka yanasomeka vizuri. Sasa jaribu kuyaendesha. Wachezaji wanaingia na kuuliza: mzee anatufanya nini? Mbona taa haiwaki usiku huu? Tukimtisha? Hakuna hata moja lililojibiwa. Kuhusu vita vya mito mitatu hakuna atakayeuliza. Chumba hichohicho mimi ningekiandika hivi:

“Chumba cha mlinzi. Giza, na harufu kali ya mafuta. Yamemwagika sakafuni na hayajakauka. Mzee Tamimu hataki taa iwashwe: alfajiri litapita jahazi linalokimbia doria, na binti yake yumo. Atasema taa imeharibika. Akitajiwa binti yake, anasema kweli na kuomba msaada. Akitishwa, anafunga mlango kwa nje na kutupa ufunguo baharini. Moto wowote humu, sakafu inashika.”

Kwa urefu, aya hizo mbili hazijapishana sana. Tofauti ni kwamba kila sentensi ya aya ya pili inamsubiri mchezaji afanye jambo. Harufu ya mafuta ni onyo kwa aliyeshika mwenge. Uongo wa mzee una sababu, kwa hiyo hata wachezaji wakija na hoja ambayo sikuiwaza, mwendeshaji anajua mzee atajibuje. Hapo ndipo ninapotaka undani uende: kwenye anachokitaka mtu, anachokificha, na atakachofanya akibanwa. Sura yake nampa alama moja tu, hasa ile ambayo mwendeshaji anaweza kuiigiza kwa sauti au kwa mkono. Ndevu hazichezeki mezani. Mzee anayenong’ona kila anapotaja bahari anachezeka.

Mjadala huu una umri karibu sawa na michezo yenyewe. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu zaidi wa aina hii, ilitoka mwaka 1974, na kabla muongo huo haujaisha Mike Carr aliandika In Search of the Unknown, kisa cha wanaoanza ambacho vyumba vyake vingi viliachwa bila mazimwi wala hazina. Mwendeshaji alipewa orodha achague mwenyewe cha kuweka wapi. Napenda sana uamuzi ule, kwa sababu mapengo yaliachwa kwa makusudi na vifaa vya kuyajaza vikatolewa. The Keep on the Borderlands, kisa kingine cha mchezo huo kilichoandikwa na Gary Gygax, ilichukua njia nyingine: watu wa ngomeni wanatambulishwa kwa kazi zao, mkuu wa ngome, mhunzi, kasisi, bila majina. Hapo nakataa. Jina ni neno moja tu kwenye karatasi, lakini kulibuni ghafla mchezaji anapouliza “unaitwa nani?” huwatia kigugumizi hata wazoefu. Andika majina, kisha ongeza mengine kumi ya akiba pembeni kwa ajili ya watu ambao hukupanga wawepo.

Maneno ya kuwasomea wachezaji kwa sauti nayaweka sentensi tatu, nne zikizidi. Watu huacha kusikiliza upesi kuliko tunavyodhani. Kitu kinachodai hatua kiweke mwisho, kwa sababu wachezaji hulirukia lile walilolisikia mwisho. Ukitaja zimwi kwanza kisha ukaeleza zulia, zulia litasomwa kwa watu ambao tayari wameshika dadu. Na usiwaambie wahusika wao wanahisi nini. Hofu ni yao kuichagua.

Visa vya upelelezi vina hesabu yake. Huko nasisitiza uandike mengi zaidi, hasa dalili, na kila hitimisho la lazima liwe na njia zisizopungua tatu za kulifikia. Wachezaji wataipita ya kwanza, wataielewa vibaya ya pili, na ya tatu ndiyo itakayowavusha. Andika pia nini kitatokea wasipofanya chochote: muuaji atahama lini, nani atafuata. Takwimu za mazimwi, yaani namba za nguvu zao, zikae palepale zimwi linapotokea, zisikae nyuma ya kitabu.

Kisa cha kuendesha mwenyewe, ukurasa mmoja unatosha, kwa sababu sababu zote unazo kichwani. Ukimwandikia mwingine, sababu hizo ndizo za kuandika kwanza. Mpango utavunjika tu. Mwenye kujua kwa nini mlango umefungwa ataweza kuendelea hata wachezaji wakiubomoa ukuta.

Kisha mpe mtu akiendeshe nawe ukae pembeni na kalamu, kimya. Weka alama kila anapopekua kurasa akitafuta kitu. Aya anazoziruka bila mchezo kupungukiwa chochote, kata. Anapobuni kitu na meza ikachangamka, liache pengo hilo kama lilivyo. Na akikugeukia kukuuliza, usimjibu kwa mdomo. Liandike swali lake, na jibu uliingize kwenye kisa, kwenye ukurasa uleule aliokuwa ameufungua.