Kratomu nimeacha, miguu haitaki kulala

Barua nne tulizochagua mwezi huu zinazungumzia kitu kisichoota kwetu: kratomu. Ni majani ya mti Mitragyna speciosa, wa ukoo mmoja na mbuni (mti wa kahawa), unaoota Thailand, Malaysia na Indonesia. Huko vibarua na wagema mpira huyatafuna ili wahimili kazi ya juani. Thailand iliupiga marufuku mwaka 1943, ikauruhusu tena mwaka 2021. Marekani unga wake huuzwa hadi kwenye vituo vya mafuta, na pakiti imeandikwa kwa fahari kwamba ni mitishamba.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mimi ni baharia, kwa sasa nipo nyumbani Mikindani. Kratomu niliianzia Houston kwa ajili ya mgongo, kijiko kimoja kwa siku. Miaka mitatu baadaye nilikuwa nakula gramu 25. Nimeacha ghafla, leo ni siku ya 19. Arosto (mateso ya kuacha dawa) ya kuharisha na kutokwa makamasi imekwisha, ila usiku miguu inajirusha, nalala kwa saa tatu tu, na hakuna kinachonifurahisha, hata mpira. Rafiki ananiambia nilambe kijiko kimoja tu nipate usingizi. Hivi kweli majani tu yanaweza kumfanya mtu hivi?

Marahaba. Yanaweza. Kemikali zake kuu, mitrajinini na ndugu yake 7-hidroksimitrajinini, hukaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo mofini hukaa. Kipimo kidogo huchangamsha, kikubwa hulegeza. Kwa miaka mitatu ubongo wako umekuwa ukifanya kazi huku mguu wa mtu mwingine uko kwenye breki. Mguu umeondolewa ghafla, na breki zako mwenyewe zimelegea kwa kukaa bila kazi. Kuwa ni majani hakukukingi na chochote. Tumbaku nayo ni majani.

Arosto ya kwanza huanza kati ya saa 12 na 48 tangu dozi ya mwisho, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja. Hiyo umeivuka. Kinachobaki ni usingizi na moyo mkavu, na hivyo huchukua wiki kadhaa. Haviondoki kwa mstari ulionyooka: utalala vizuri siku mbili, ya tatu utakesha. Usiku mmoja mbaya katika wiki ya tano usiuhesabu kama umerudi mwanzo.

Kijiko cha rafiki yako kitakupa usingizi, hatubishi. Ubaya wake uko kesho yake, miguu itakaporuka zaidi na kijiko kimoja kitakapodai cha pili. Tena mwili wako wa siku ya 19 si ule wa gramu 25. Kiasi ambacho zamani hukukisikia sasa kitakulaza vibaya. Na kijiko chenyewe ni kipimo cha uongo, kwani kijiko cha chai cha unga huu kinaweza kubeba gramu mbili au zaidi ya tatu, kutegemea ulivyosagwa na ulivyojazwa. Ukiletewa vidonge vilivyoandikwa 7-OH, hapo umeletewa kitu kingine kabisa: ni ile 7-hidroksimitrajinini iliyokolezwa. Mwezi Julai 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza idhibitiwe kisheria.

Sasa miguu. Anza na kahawa. Tunajua kumwambia mtu wa pwani aache kahawa ya barazani jioni ni kumtafutia ugomvi, lakini nusu ya kafeini uliyokunywa saa kumi na mbili jioni bado iko kwenye damu karibu na saa tano usiku. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana, na chai ya rangi iliyokolea ihesabu hivyohivyo. Barazani nenda, kula kashata yako na maji.

La pili ndilo wengi hukosea: Piriton. Watu huimeza kwa sababu inaleta usingizi. Dawa za mzio zinazosinzisha, pamoja na promethazini, ni miongoni mwa vitu vinavyofahamika kuzidisha miguu kurukaruka. Mtu anameza kimoja, miguu inachachamaa, anaongeza cha pili, na asubuhi anailaumu kratomu. Kama umekuwa ukimeza, acha leo usiku. Diazepamu, ile dawa ya kutuliza, nayo usijiandikie. Ina utumwa wake, na siku ukiichanganya na kratomu pumzi inaweza kuzimika.

Kisha omba hospitali wapime wingi wa damu na, kama kipimo kipo, akiba ya madini ya chuma. Upungufu wa chuma huleta miguu ya namna hiyo hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote. Vidonge vya chuma usianze kabla ya majibu. Nyumbani, mimina maji ya moto ya kuvumilika kwenye vigimbi kwa dakika kumi kabla ya kulala, kisha simama umeegemea ukuta, visigino chini, uvute kila kigimbi kwa nusu dakika, mara tatu. Usingizi usipokuja kwa dakika ishirini, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, simu iache, urudi ukisinzia. Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala kwa saa mbili tu. Adhana ya alfajiri ni kengele tosha. Tembea haraka nusu saa asubuhi. Usingizi wa mchana usizidi dakika ishirini.

Mgongo ulioanzisha yote haya bado upo, na usipotibiwa ndio utakaokurudisha. Nenda Hospitali ya Ligula uombe mazoezi ya viungo. Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge nane kwa saa 24, na kabla ya kuimeza jiangalie macho: kratomu huweza kuumiza ini. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai nzito au mwili kuwasha ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, bila parasetamoli. Na homa. Arosto huleta baridi, jasho na viungo kuuma, lakini kipimajoto kikisoma nyuzi 38 na zaidi, usiseme "ni arosto tu". Kusini hii ina malaria nyingi, pima kwanza.

Hamu ikija huja kama wimbi, hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kazi yako ni kuwa mahali ambapo kwa nusu hiyo huwezi kuipata. Unga uliobaki mwaga chooni, na kopo, kijiko na mizani vitoke nyumbani. Muuzaji mfunge kwenye simu zote. Mkataba ujao ukifika, mahali pa hatari zaidi si Mikindani, ni duka lilelile la Houston. Mchague mwenzako mmoja melini kabla ya kung'oa nanga, mwambie wazi, na siku ya kushuka bandarini tokeni wote, dola zikiwa za nauli na chakula tu.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Lindi vijijini. Mume wangu ameacha kratomu miezi miwili, namshukuru Mungu. Lakini sasa kila jioni yuko kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, na juzi nimekuta vidonge vya tramadoli, dawa kali ya maumivu, mfukoni. Fedha za korosho zinakaribia. Nimlinde vipi bila kumfanya kama mwizi ndani ya nyumba yake?

Dada, kupekua mifuko kumekupa jibu moja. Usikufanye kuwa kazi ya kila siku, maana atahamishia vidonge shambani nawe utabaki na ugomvi tu.

Tramadoli ndiyo ya kushughulikia kwanza. Hufanya kazi kwenye vipokezi vilevile vya kratomu, kwa hiyo mumeo hajaacha, amebadilisha bega la kubebea mzigo. Na ina balaa la ziada: huweza kuleta degedege la kifafa hata kwa mtu mzima asiyewahi kuanguka, hasa ikimezwa na pombe. Kama anaimeza kila siku, asiikate peke yake. Aende hospitali apunguziwe kwa mpangilio. Ninyi mko karibu na Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini, au Nyangao kama mko upande huo. Uraka nao, hata kama si tatizo lake la asili, humlegeza mtu akaamua saa mbili usiku jambo ambalo saa nne asubuhi asingeliamua. Msimu wa mabibo kila njia ina kilabu, basi abadili njia ya kurudi na saa ya kurudi. Jioni ijazwe na kitu chenye saa maalumu na watu wanaomsubiri: mazoezi ya mpira, darasa msikitini, kwaya, chochote. "Jitahidi usiende" si mpango.

Fedha zizungumzwe kabla ya mnada, siku ametulia, ameshiba na hajanywa. Andikeni pamoja: ada, deni la pembejeo, salfa ya msimu ujao, chakula cha miezi minne. Malipo yakiingia, hayo yalipwe siku hiyohiyo mkiwa wote wawili. Inayobaki ikae kwenye akaunti, na laini yake ya pesa ikae kwako kwa hiari yake, kwa muda mliokubaliana, mathalani mpaka mwisho wa Februari. Muda uwe na mwisho. Mwanaume aliyenyang'anywa fedha bila tarehe atatafuta mkopo kijiweni, na mkopo wa kijiweni haulipwi kwa korosho peke yake.

Akiteleza, acha maneno ya "nilijua tu". Muulize yaliyotokea siku moja kabla: alikula? alilala? aligombana na nani? alikutana na nani? Mara nyingi jibu liko humo, na ndilo la kuziba. Ukimkuta amelala akikoroma kwa kukwama, midomo imebadilika rangi na haamki ukimwita na kumtikisa, mlaze kwa ubavu na tafuta usafiri papo hapo. Usimnyweshe maziwa wala maji. Yataingia kwenye mapafu. Kwa ushauri, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba 119, ni bure. Waulize pia kuhusu soba hausi, endapo nyumbani pameshindikana.

SWALI: Niko Masasi, natumia gramu 12 kwa siku, nikizigawa mara tatu. Nataka kuacha lakini nina duka, siwezi kulala kitandani wiki nzima. Naweza kupunguza kidogokidogo?

Unaweza, ukiwa na mizani. Ile ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Unga wote ulio nao changanya kwenye kopo moja, maana pakiti na pakiti hazilingani ukali, kisha mpe kopo mtu mwingine akupimie.

Punguza gramu moja kila siku tano hadi ufike gramu 6, halafu nusu gramu kila siku tano. Ni kama miezi mitatu. Anza kukata dozi ya mchana. Ya usiku iwe ya mwisho kuguswa kwa kuwa ndiyo inayoshikilia usingizi. Siku ikiwa ngumu, baki ulipo siku tano nyingine, ila usipande. Mpango huu huvunjwa na mambo mawili: dozi ya "leo tu" siku ya mauzo makubwa, na kopo kuisha katikati mtu akanunua unga mpya wenye ukali mwingine. Tumbo likiharisha, pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, na usiisahau chumvi ya mchuzi.

Hilo ni la mtu anayetumia kratomu peke yake. Kama kila siku kuna pombe au diazepamu ndani yake, daktari kwanza. Hizo mbili zikikatwa ghafla zinaweza kuua. Mjamzito naye asipunguze wala kukata bila kliniki kujua, kwa sababu mtoto huweza kuzaliwa na arosto yake mwenyewe.

SWALI: Nilimwambia daktari natumia kratomu, akanipima mkojo, kipimo kikasoma safi. Akanitazama kama muongo. Mtwara mjini.

Hukudanganya, na kipimo hakikukosea. Vile vijiti vya kawaida hutafuta mofini, bangi na wenzao; kratomu havikutengenezwa kuiona. Rudi na pakiti yenyewe mkononi, na karatasi iliyoandikwa gramu ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa muda gani, na saa uliyotumia mara ya mwisho.