Re: Redio ya mkononi Dodoma hadi Kondoa

Mkuu, umeuliza kama redio ya mkononi itafika Kondoa siku mitandao ya simu ikikatika. Haifiki. Mawimbi yake ya VHF (masafa ya juu sana) huishia karibu na upeo wa macho. Hata ukipanda kilima cha Mlimwa hapo Dodoma, milima itakuzuia.

Kwenye matembezi ya klabu bebeni redio ya HF (masafa ya chini kuliko VHF) ya bendi ya mita 40, yaani urefu wa wimbi lake. Antena ni waya tu, mita 10 kila upande, ufungeni kwenye mbuyu kimo cha mita 4 au 5. Ndiyo, chini hivyo: wimbi lipande wima, ionosfea (tabaka la juu la anga) ilirudishe, lidondoke Kondoa. Mchana lakini, usiku wa manane mara nyingi hupotea.

Sisi tulikumbuka betri ya gari, tukasahau koleo. Waya tulichubua kwa meno!

Na leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) mpate kabla ya kurusha chochote.