Jumamosi kupanda, Jumapili kupanda na kushuka: kukimbia Pikes Peak mara mbili wikiendi moja

Pikes Peak, Colorado, ina urefu wa mita 4,302. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu ya kambi ya Horombo na chini ya kambi ya Kibo. Mbio huanzia Manitou Springs, mji mdogo ulio chini ya mlima kwenye mita 1,920 hivi. Jumamosi ni Ascent, kilomita 21.4 za kupanda mpaka kileleni, na ukimaliza unarudishwa chini kwa gari. Jumapili ni Marathon: njia ileile ya Barr Trail, unapanda tena, unageuka kileleni na kukimbia kurudi mjini. Wapo wanaojiandikisha zote mbili, na makala hii ni yao.

Kinachowaangusha wengi kati yao hutokea Jumamosi mchana, kati ya kuteremka kwenye gari na kupanda kitandani. Kupanda mlima kunachosha, lakini hakuchani misuli sana. Misuli ya mapaja huumia hasa kwenye mteremko, kwa sababu inalazimika kuzuia uzito wa mwili huku inavutwa kurefuka. Kwa hiyo ratiba yenyewe imekuhurumia: Jumapili asubuhi unaamka na mapaja yasiyo na majeraha makubwa, ila akiba ya wanga na maji imekwisha. Akiba hiyo inarudi kwa saa 20 ikiwa utaishughulikia kama kazi. Ukikaa kupiga soga hadi saa tisa ndipo ule, umeshachelewa.

Hesabu ni hii. Saa nne za mwanzo baada ya kumaliza, kula gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako, kila saa. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 70 kwa saa. Soda ya nusu lita ina karibu gramu 50, ndizi mbivu moja 25 hivi, na gramu 250 za wali uliopikwa karibu 70. Anza na soda au chai ya sukari ukiwa bado kwenye gari la kushuka, maana mara nyingi tumbo linakataa chakula kigumu kwa saa nzima baada ya kilele. Ongeza protini gramu 20 hadi 30: mayai matatu au manne, au kipande cha kuku. Mpaka analala, mwenye kilo 60 awe amefikisha karibu gramu 480 za wanga kwa siku nzima.

Chakula cha jioni kiwe mezani saa kumi na mbili, kisizidi hapo. Wali, tambi au viazi, na kitoweo kisicho na mafuta mengi. Maharage, kabichi na nyama choma zisubiri Jumapili usiku. Anayesafiri na unga wake abebe sembe safari hii; dona ni bora kwa siku nyingine zote, lakini kapi zake zitakusumbua tumbo kilomita ya kumi na tano.

Kuhusu maji, mizani ndiyo hakimu. Jipime Jumamosi asubuhi kabla ya mbio na tena ukirudi. Kwa kila kilo iliyopungua, kunywa lita 1.25 hadi 1.5, kidogo kidogo hadi usiku, pamoja na chumvi kwenye chakula. Ukikuta uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi: chumvi ya damu inashuka, na hali hiyo ni ya hatari kuliko kiu. Vidonge vya ibuprofen tunavikataza kabisa wikiendi hii. Vikikutana na upungufu wa maji huumiza figo, na maumivu unayoyaficha Jumamosi ndiyo yangekuambia Jumapili usimame.

Sasa mbio zenyewe. Kanuni ya wenyeji ni kwamba muda wa Ascent hukaribia muda wako wa marathon ya tambarare ukiongeza nusu saa. Anayekimbia marathon kwa saa 4 ategemee 4:30. Hiyo ni kwa mtu anayejitoa wote. Anayekimbia siku zote mbili aongeze asilimia 10 Jumamosi, na kipimo chake kiwe pumzi: uweze kusema sentensi nzima mpaka Barr Camp, kambi ya njiani kwenye mita 3,100 hivi, karibu kilomita 12 kutoka mwanzo. Mahali pa kujiharibia ni zile kona kali za mwanzo. Miguu bado ina nguvu, watu wanakusukuma kwa nyuma, na kila aliyepitwa anataka kulipiza. Zipande kwa kutembea haraka, mikono juu ya magoti pale panaposimama sana. Kabla ya Barr Camp njia inalegea na hata kushuka kidogo. Hapo ndipo pa kukimbia.

Juu ya A-Frame, kibanda cha kujikinga kwenye mita 3,640 hivi, miti inaisha na zinabaki kilomita tano. Kileleni kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 60 ya ile ya pwani, na mkimbiaji wa kawaida hutumia saa nzima au zaidi kwa hizo tano tu. Hamu ya kula hupotea pia. Kwa hiyo jeli na biskuti ziingie tumboni Barr Camp na A-Frame, gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa, kabla mdomo haujakataa. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kuuma pamoja na kutapika, au kuyumba kama mlevi, ni amri ya kushuka, na hiyo haina mjadala.

Ujanja wa kufika usiku wa kuamkia mbio, kabla mwili haujatambua mwinuko, haumfai wa siku mbili, kwani Jumapili itamkuta katikati ya siku mbaya. Anayetoka Iten, mita 2,400, ameshaishi juu kuliko mstari wa kuanzia. Anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Houston afike wiki moja kabla akiweza, alale Manitou au Colorado Springs, na asipande kileleni wiki hiyo.

Jumapili kupanda ni kwa subira tu. Marathon yenyewe huanza kwenye kushuka. Mkimbiaji wa Marekani Matt Carpenter alipoweka rekodi ya mbio hizi mwaka 1993 alipanda kwa 2:01:06 na kumaliza kwa 3:16:39, yaani alishuka kwa 1:15:33, karibu asilimia 62 ya muda wa kupanda. Ukitumia uwiano huo kupanga, uongeze kidogo kwa ajili ya uchovu.

Barr Trail ina changarawe za granite iliyomomonyoka, punje ngumu zinazobingirika juu ya mwamba kama mtama juu ya sakafu. Anayechoka huacha kuinua miguu, ncha ya kiatu inagonga jiwe, anaanguka mbele na viganja vinachunika. Vaa glavu nyembamba hata kama hakuna baridi. Piga hatua fupi za haraka, mwili uelekee mbele kidogo. Ukiegemea nyuma kisigino kinateleza na mapaja yanabeba breki zote. Kabla ya kugeuka kileleni inama ukaze kamba, ukitumia lile tundu la juu kabisa ambalo wengi huliacha wazi, ili mguu usisogee mbele. Kucha zikatwe tangu Jumatano. Usiketi kileleni, na koti la mvua liwe mwilini au kiunoni siku zote mbili: radi za mchana mlimani pale ni za kawaida.

Mazoezi yanayoandaa haya ni jozi ya Jumamosi na Jumapili: saa mbili au mbili na nusu za kupanda siku ya kwanza, saa tatu hadi nne zenye mteremko wa mita 1,000 siku ya pili, kila wiki ya tatu kwa miezi mitatu. Asiye na mlima aweke mashine ya kukimbia kwenye mwinuko wa asilimia 11, ambao ndio wastani wa njia. Zoezi kali la mwisho la kushuka liwe wiki tatu kabla. Kinga inayojengwa na misuli hudumu kwa wiki kadhaa, maumivu yenyewe huisha kwa siku nne au tano.

Jumatatu na Jumanne mapaja yatauma kwenye ngazi, na hilo ni la kutegemewa. Angalia mkojo. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au kola hata baada ya kunywa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo, ueleze umekimbia nini.