Kufunga tena kabini inayoinamishwa

Ndugu, umeuliza kwa nini kabini ya mtambo wako inagonga baada ya kuiinamisha na kuirudisha, na kama unaweza kuchomelea kipande mahali pa boliti. Usichomelee, tafadhali. Kabini nyingi za mitambo ya kazi za udongo ndizo kinga ya dereva mashine ikipinduka (kiwango cha kimataifa cha ISO 3471), na kuchomelea au kutoboa bila idhini ya mtengenezaji kunaiondolea nguvu hiyo.

Kugonga mara nyingi hutoka kwenye raba za chini zinazobeba kabini. Ziangalie zote: zilizopasuka au kulowa mafuta badilisha kwa seti, maana moja mpya kati ya zilizochoka hubeba mzigo peke yake. Kaza boliti kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako.

Ukiinamisha tena, funga mlango na toa vitu vilivyo huru ndani. Hakikisha waya na paipu havivutwi wala kubanwa kwenye bawaba. Na usiingize hata mkono chini kabla pini ya usalama, ile inayoizuia kabini isishuke, haijakaa. Jeki ya haidroliki peke yake haitoshi, paipu ikipasuka kabini inaweza kushuka papo hapo.