Unataka kugundua dawa? Usiipende molekuli yako

Wadogo zangu mnaonitumia meseji "kaka napenda kemia nataka kugundua dawa nianzie wapi", ngoja leo nijibu kwa pamoja maana kila mtu namjibu nusu halafu napotea.

Kwanza mjue nyumbani hawatakuelewa. Mama yangu mpaka leo anajua mi mfamasia, anapiga simu anauliza kidonge fulani ameze kabla ya kula au baada, namwambia mama kaulize famasi, anasema sasa hiyo PhD ya nini.

Kazi yenyewe iko hivi: watu wa biolojia wanakuletea molekuli iliyoua vimelea vya malaria maabara, we unaitengeneza upya ukibadilisha kipande kimoja kimoja, hapa unatoa klorini unaweka florini, pale unahamisha naitrojeni, kila toleo linarudi kupimwa. Matoleo mamia, na mengi ni takataka. Zoeeni hilo neno.

Mimi mwaka wa kwanza wa PhD, Cape Town, toleo langu la 37 liliua vimelea kwa dozi ndogo ajabu. Nikaprinti grafu nikabandika ukutani, nikapiga simu Tanga kutangaza. Kumbe ile kitu kwenye maji ni chaki tupu, haiyeyuki! Molekuli bapa kama sahani zinapangana zinashikana, maji hayapenyi. Msimamizi alishaniambia nipime kuyeyuka mapema, nikabisha, nikapoteza miezi saba naipamba. Nilipokuja kuiweka kwenye mikrosomu za ini (vipande vya seli za ini vyenye vimeng'enya vya kuvunja dawa) ikaisha ndani ya dakika chache, kuna kamethili kamekaa kwenye oksijeni pembeni, vimeng'enya vinakanyofoa fasta. Yaani data ya wiki moja ingeniokoa nusu mwaka na zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu ndo huo: ukipata molekuli kali itafutie sababu ya kufa haraka. Inayeyuka? Ini linaiacha bila kuivunja haraka? Inaziba njia ya kupitisha potasiamu kwenye seli za moyo, inaitwa hERG? Hii ya mwisho msicheke nayo, terfenadine ilikuwa dawa ya aleji inauzwa kila kona, ikaondolewa sokoni Marekani 1998 kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Hata wakubwa yanawakuta. Prof. Kelly Chibale, Mzambia, alianzisha kituo cha kugundua dawa cha H3D pale Chuo Kikuu cha Cape Town 2010, molekuli yao ya malaria MMV048 ikafika hadi kujaribiwa kwa binadamu, jambo kubwa sana kwa Afrika, na bado haikufika famasi. Waliendelea na nyingine.

Kingine, msikariri kanuni za Lipinski kama kasida. Ni za 1997, zinasema uzito wa molekuli usizidi 500, kupenda mafuta kusizidi kiwango fulani na kadhalika, zinasaidia kwa vidonge vya kumeza ila sio sheria ya nchi. Lumefantrine iliyomo kwenye dawa ya mseto ya malaria inazidi 500 na inapenda mafuta balaa, na inatibu watu kila siku.

Kuhusu shule, someni oganiki kwa mikono sio kwa past paper. Chuo nilichosoma digrii ya kwanza kolamu ya kromatografia (bomba la silika la kutenganishia kemikali) niliiona kwenye picha tu, nilivyofika Cape Town nikawa namwaga silika sakafuni kama unga wa ugali, aibu tupu. Ombeni fildi kwenye maabara yoyote yenye viyeyushi, hata ya kupima ubora wa dawa. Na andikeni daftari la maabara siku hiyohiyo, kesho utakuwa umesahau uliweka gramu ngapi.

Juzi mama kapiga tena, kapimwa ana malaria kapewa mseto, ameze kabla au baada? Hilo nikalijibu vizuri kwa mara ya kwanza: baada, tena na maziwa au chakula chenye mafuta, maana lumefantrine bila mafuta nyingi inapita tu tumboni, inayoingia mwilini ni kidogo sana. Akanyamaza kidogo, akasema nesi kamwambia hivyohivyo.