Minofu ya chewa iliyogeuka sangara: nilivyopima

Mkuu, umeuliza kama minofu ya chewa tunayouziwa hapa Muscat inaweza kupimwa ikajulikana ni chewa kweli. Inawezekana, mimi nimeshapima.

Nimekata minofu ya sangara kiwandani Mwanza miaka sita. Sangara mzima namjua hata gizani. Ila akishachunwa ngozi, kichwa na mifupa vikaenda kwenye mapanki, yale mabaki ya kiwandani, kinachobaki hakina sura. Mwaka juzi nililetewa "chewa" kwenye mgahawa mmoja, mafuta yake yakaganda midomoni kama ya sangara wa nyumbani. Nikashuku, lakini kuapa nisingeweza.

Siku ya pili nikarudi, nikaagiza kilekile. Nikachukua kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, nikakitia kwenye kichupa cha spiriti. Binamu yangu anasoma baiolojia, akakipitisha maabara ya chuoni kwao. Wanatoa DNA, yaani vinasaba vya samaki, wanazalisha nakala nyingi za sehemu ya jeni iitwayo COI, kama herufi 650 hivi za DNA, halafu wanazilinganisha na za samaki ambao tayari wanajulikana. Ni njia iliyopendekezwa na Paul Hebert na wenzake huko Kanada mwaka 2003. Kukaangwa hakukuzuia kipimo. Samaki wa kopo ndiye msumbufu, kwa sababu joto la kiwandani huikatakata DNA.

Jibu likaja: Lates niloticus. Sangara.

Iliniuma sana. Mlaji kalipa bei ya chewa, na jasho la mvuvi wa Ukerewe limeuzwa kwa jina la samaki mwingine. Sangara ni samaki mzuri, auzwe kwa jina lake!

Na si pesa tu. Chicago mwaka 2007, watu wawili walidhurika kwa supu ya samaki aliyeuzwa kwa jina lisilo lake. DNA ikaonyesha ni bunju, samaki mwenye sumu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo nunua chewa mzima, akatwe mbele ya macho yako. Ikishindikana, dai minofu yenye ngozi. Ukiamua kupima, andika tarehe na jina la duka kwenye kichupa, bakiza kipande kingine kwenye friza, na risiti usiitupe. Mimi yangu niliitupa, na mwenye mgahawa alipokana sikuwa na cha kumwonyesha.